UZI: Tiketi unayo, viza unayo, na bado unarudishwa kaunta. Wakati wa maradhi tizama serikali zinasema nini kabla hujaruka

MchumaKarafuu

Asalaam alaykum jamani. Uzi huu nlitaka niuandike zamani ila uvivu. Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu Jang'ombe kanionesha tiketi kwenye simu, kafurahi kweli kweli, nkamuuliza huko unakokwenda na pale unapobadilisha ndege umetizama serikali zao zinasema nini saa hizi? Kanijibu "ami, korona si ishaisha zamani". Nkanyamaza. Usiku nkalala nnaiwaza ile Jumamosi yangu ya 2021, nkaona bora niandike.

Ilikuwa Februari 2021. Mama yangu mdogo anakaa Muscat, yuko huko tangu mie niko skuli ya msingi, kaanguka bafuni kavunjika nyonga. Bi mkubwa hapa nyumbani hali hanywi, kazi yake kulia na kupiga simu, mwisho nkaambiwa weye ndo mkubwa nenda kamtizame khalati yako. Viza ikapatikana, nkakata tiketi kwa agenti mmoja hapa mjini, kuondoka Jumamosi tarehe 27. Nkaenda Migombani kupimwa, kijiti kikaingia puani mpaka machozi, karatasi ikatoka sina kitu. Mambo safi.

Nilikuwa nasafiri na binamu yangu, mtoto wa huyo huyo mama mdogo, yeye alikuja Unguja harusini na ana paspoti ya Oman. Sasa sikilizeni. Tumelala nyumba moja wiki mbili, tunakula sinia moja, kupimwa tumepimwa siku moja foleni moja yeye mbele mie nyuma. Tukafika uwanja wa Karume, kasogea yeye kaunta, kapewa bodingi pasi yake. Nkasogea mie. Yule dada kachukua paspoti kaandika kwenye kompyuta, kasoma, kaandika tena, kasoma tena polepole utadhani anasoma barua ya msiba, kisha kaniuliza "kaka, una uraia wa Oman?" Nkamwambia nna viza hii hapa. Kasema naomba usimame pembeni kidogo. Hapo tumbo lishaanza.

Kumbe tangu tarehe 25, siku mbili tu nyuma, Oman ilishafunga mlango kwa nchi 10 kwa siku 15. Sudan, Lebanon, Afrika Kusini, Brazil, Nigeria, Tanzania, Ghana, Guinea, Sierra Leone na Ethiopia. Waliobakishwa ni raia wao, wanadiplomasia na watu wa afya. Na si aliyeondokea huko tu, hata aliyepita moja ya nchi hizo ndani ya siku 14 kabla. Viza yangu nzima, karatasi yangu nzima, na mie mzima mwenyewe, ila nimetokea Tanzania basi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba khabari nilikuwa nayo. Mwezi huo huo waziri wao wa afya alishasema hadharani kwamba abiria wanaotoka Tanzania wakipimwa wakifika, asilimia 18 wanakutwa na korona. Barazani tulibishana mpaka adhana ya ishaa, mmoja kasema fitina, mwengine kasema mashine zao mbovu, mwengine kaleta ile khabari ya papai na mbuzi kupimwa, tukacheka. Hakuna hata mmoja pale, na mie nimo, aliyesema jamani waziri akishatoa namba ile mbele ya watu ujue mlango uko njiani kufungwa. Tulikuwa tunaibishia namba badala ya kuitizama inakwenda wapi.

Binamu akaondoka. Nilikuwa na bati la vileja alivyovifanya bi mkubwa usiku kucha, na mfuko wa karafuu. Bati halikuingia kwenye begi lake, akachukua karafuu tu. Nkarudi mjini na daladala la 505, begi miguuni, bati mapajani, konda ananiuliza mzee ushafika safari?

Pesa nazo. Agenti kanambia ndege imeruka, siti yako ilikuwepo, hukuingia kwa sababu ya masharti ya unakokwenda, hapo kampuni haikuvunja safari. Nimesumbuka miezi nkarudishiwa kodi za uwanja tu, sitaji majina hapa. Lakini lijueni hilo, kampuni ikifuta ndege yake una haki ya kudai, ukikataliwa weye kaunta huna pa kushika.

Mzee_wa_Bao

Pole ndugu yangu. Lakini mie nnauliza, agenti kazi yake nini? Unamlipa mtu akukatie tiketi afu kutizama kama nchi imefungwa ni kazi yako tena? Si sawa na kununua samaki Darajani afu muuzaji akwambie kutizama kama kaoza ni juu yako.

MchumaKarafuu

Mzee wangu na samaki si unamfunua shavu mwenyewe? Au unamwamini muuzaji? 😂

Agenti mzuri atakwambia. Wangu siku aliyonikatia tiketi hakukuwa na katazo, hakunidanganya. Katazo limekuja baada. Yeye hanilindi mie kila usiku, ana wateja mia.

KauntaNambaTisa

Mie nafanya kazi kaunta, kampuni msiniulize na uwanja msiniulize. Nataka niwaeleze kinachotokea upande wetu maana watu wanadhani tunawaonea.

Pale kwenye skrini tunasoma kitu kinaitwa Timatic. Ni hazina ya IATA, ile jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, ndani yake mna masharti ya kila nchi, paspoti, viza, afya, chanjo. Mie naingiza uraia wako, unakotoka, unakopita, unakokwenda, basi inanambia. Ikisema hapana mie sina ubavu wa kusema ndio, hata ulie, hata uwe shemeji yangu. Kampuni ikimpeleka mtu asiyeruhusiwa kule inapigwa faini na serikali ile na inamrudisha kwa gharama zake, kwa hiyo mlango wa nchi unayokwenda hauko kule, uko hapa kwenye kaunta yangu. Wakati wa korona IATA waliweka na ramani kwenye mtandao kila mtu aione bure, unabonyeza nchi inakueleza masharti. Abiria walioitizama kabla ya kuja kwangu nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Vitu vilivyorudisha watu wengi si kufungwa kwa nchi, ni vidogo vidogo. Saa 72. Saa 72 za nini? Wakati ule wa korona kipimo kilitakiwa kisizidi saa 72, ila nchi nyengine zilikuwa zinahesabu kurudi nyuma tokea ndege inapoondoka, nyengine tokea unapofika, na kwa walio wengi saa ilianza pale kijiti kilipoingia puani, si pale karatasi ilipotoka. Mtu kapimwa Jumatano saa 3 asubuhi, ndege yake Jumamosi saa 4 asubuhi, yeye kichwani ana hesabu "Alkhamis, Ijumaa, Jumamosi, siku 3" kaja kifua mbele. Hizo saa 73. Nimemrudisha mtu kwa saa moja na mkewe kalia pale chini kama msibani. Na ukiwa unaunganisha ndege uliza mapema wanahesabu ndege ya kwanza au ya mwisho, maana usiku mzima wa kukaa uwanja wa watu nao unaliwa humo humo.

Afu majina. Sisi Wazanzibari na hii Moh'd yetu! Paspoti imeandikwa Mohammed, cheti cha maabara kimeandikwa Moh'd, tiketi Mohamed yenye m moja. Hapa kwetu kila mtu anajua ni jina moja, ofisa wa nchi ya watu hajui na hataki kujua, yeye anaona watu watatu. Ukienda kupimwa au kuchanjwa mpe paspoti mkononi aandike herufi kwa herufi, usimtajie kwa mdomo.

DukaDarajani

Ngoja na mie nilie. Disemba 2021. Mdogo wangu anafanya kazi Dubai, kaja likizo katikati ya mwezi, arudi mwisho wa mwaka. Mie mwenyewe nlikuwa niende huko kuchukua mzigo wa Januari, abaya na vitu vya simu. Imarati wakatangaza kuanzia tarehe 25 Disemba saa 1 na nusu usiku hawapokei abiria kutoka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Nigeria. Na kupitia tu pia hakuna. Ile Omicron, korona ya aina mpya, ilishawatisha.

Sasa kilichomshika mdogo wangu ni hiki, ndege za kutoka Dubai kuja huku ziliendelea. Yaani kuja unakuja, kurudi hurudi. Watu wakaendelea kupanda kule wanakuja kula sikukuu hawajui wanaingia kwenye dema. (Ambae hajui dema aulize mvuvi, samaki anaingia kwa raha zake.) Aliyetaka kurudi akaambiwa akae nchi nyengine isiyokatazwa siku 14 kwanza. Hotel ya siku 14 nani analipa? Kakaa hapa dukani kwangu ananisaidia kuuza mpaka wakafungua tarehe 29 Januari 2022. Bosi wake muungwana kamsubiri, mwenzake wa chumba kimoja hakusubiriwa.

Tangu hapo mie siulizi tu "naingia?" nauliza na "ntatoka? ntarudi?"

BintiWaJambiani

Nyie wote mna afadhali. Mie niko Uingereza, 2021 mwezi wa 3 nlikuja kumuuguza mama, nna mtoto wa miaka 7. Tanzania tangu tarehe 22 Januari ilikuwa imeshatiwa kwenye orodha nyekundu ya kule, mie nna haki ya kuingia ila kuanzia tarehe 15 Februari ukitoka nchi nyekundu unakaa hoteli ya karantini siku 10 kwa pesa zako. Pauni 1,750 mtu mzima, na mtoto wa miaka 5 mpaka 12 anaongezwa 325. Jumla 2,075. Nlilijua hilo kabla ya kuja, nlisoma, msiniambie sikusoma.

Masharti yalisema ukiwa umekaa nchi nyekundu ndani ya siku 10 kabla ya kufika. Nkasema poa, nakwenda kukaa Mombasa siku 10 kwa shangazi, Kenya haimo, gharama yangu chapati na nauli. Tukapimwa, tukaondoka Unguja tarehe 31 Machi. Siku 10 zinaisha tarehe 10 Aprili, ndege yangu tarehe 12. Nimepiga hesabu mpaka nimejisifu.

Ijumaa tarehe 2 Aprili, tuko uani kwa shangazi tunakuna nazi, simu ikalia, mume wangu kanitumia linki. Kenya inaingia nyekundu kuanzia tarehe 9 saa 10 alfajiri. Nkaweka mbuzi chini nkahesabu kwa vidole. Nikiondoka kabla ya tarehe 9, Tanzania bado imo ndani ya siku 10. Nikiondoka baada ya tarehe 9, Kenya yenyewe nyekundu. Yaani pande zote nimekatika. Na Kenya nao wakakasirika wakasimamisha ndege za abiria baina yao na Uingereza kuanzia tarehe 9 hiyo hiyo, ikabidi nizunguke.

Nililipa ile 2,075 vile vile. Na nauli mpya juu. Hoteli yenyewe dirisha halifunguki, chakula kinawekwa chini mlangoni kwenye mfuko wa karatasi, unasubiri hatua za mtu ziishe korido ndo ufungue. Kwenda kuvuta hewa unaomba, unasindikizwa na mlinzi mnazunguka pale kwenye maegesho ya magari kama mahabusu. Mwanangu siku ya 4 kaniuliza "mama tumefanya nini?"

Wenzangu waliokuja mwezi wa 8 walikuta bei imeshapanda 2,285. Tanzania tumetolewa Oktoba tarehe 11.

Mzee_wa_Bao

Subhanallah. Bibie pole sana. Hapo hata ukitizama mara mia utafanya nini sasa? Wee ulitizama.

BintiWaJambiani

Mzee nlitizama sharti, sikutizama upepo. Wiki ile ile magazeti ya Kenya yalikuwa yanaandika maambukizi yanapanda, serikali yao ilishafunga kaunti 5 tangu tarehe 26 Machi, Nairobi imo. Mie nilikuwa Unguja nafunga begi. Nchi iliyojifungia mwenyewe ndani, wengine watachelewa kuifungia? Ningekwenda pengine.

MchumaKarafuu

Dada hapo umesema nililokuwa nalitafuta tangu juu na maneno yananipotea. Sharti la leo unalisoma kwenye ukurasa wa serikali, la kesho unalinusa.

Na si maradhi peke yake, saa nyengine ni wakubwa kwa wakubwa. Mnakumbuka Agosti 2020? Kenya wamefungua anga tarehe 1, kwenye orodha ya nchi ambazo watu wake wanaingia bila karantini Tanzania haimo, basi na sisi tukawafungia Kenya Airways, mwisho wa mwezi tukaongeza na mashirika yao mengine matatu. Imekaa hivyo mpaka katikati ya Septemba. Aliyekuwa na tiketi ya kupitia Nairobi hakuugua, hakukosea karatasi, kakaa nyumbani tu.

Sasa mie nikisafiri nafanya hivi, na mnicheke mkitaka. Kabla sijalipa hata senti naingia tovuti ya serikali ya kule, wizara yao ya afya au uhamiaji au mambo ya nje, si gazeti, si voisi noti ya grupu la familia, ile voisi noti ya "nimeambiwa na mtu wa uwanjani" ndo iliyomponza jirani yangu. Natizama tarehe ya ukurasa, maana ukurasa wa zamani haukwambii kwamba wa zamani, unakaa pale kimya unakuchuuza. Nasoma maneno mawili kwa makini, "kuanzia" na "isipokuwa". Kuanzia saa ngapi, na saa za wapi, kwetu au kwao, Muscat wako mbele yetu saa moja. Isipokuwa nani, maana mie nlisimama pembeni na binamu akapita kwa neno hilo moja. Kisha narudia hivyo hivyo kwa nchi ninayobadilisha ndege, watu wanaisahau hiyo, wanaona si kwao napita tu. Kisha kwetu nyumbani ntakavyorudi.

Halafu wiki ya safari narudia yote. Halafu usiku wa kuamkia safari narudia tena, bi mkubwa ananambia mwanangu unasoma nini kama una mtihani.

Na mtu akiwa haelewi Kiingereza wala Kiarabu cha kwenye tovuti, ubalozi mdogo wa Oman uko hapa hapa mjini, wa India upo, wa China upo. Mie ile 2021 nimepita nje ya ule wa Oman na daladala pengine mara kumi mwezi ule. Sikuingia.

KauntaNambaTisa

Kwenye kurudi nyumbani niongeze moja, watu walikuwa wanachanganya sana. Afya si jambo la Muungano, uhamiaji ndo wa Muungano. Kwa hiyo wakati ule Zanzibar ilikuwa na fomu yake ya afya ya mtandaoni na Bara wana yao, Afya Msafiri. Mtu anashukia Unguja kajaza ya Bara, kafika hapa anaambiwa jaza nyengine, simu haina bando, foleni nyuma inaguna. Hata kipimo cha haraka cha kufika bei haikuwa moja. Ile kulegezwa ya tarehe 17 Machi 2022, waliochanja kamili wasiombwe tena cheti cha kipimo, wapo waliokuja wiki moja kabla na kadi ya chanjo tu mkononi wanatuambia "tumesikia imeondolewa". Kusikia kweli umesikia, tarehe haijafika.

MsafiriWaMtende

Kwa upande wa ibada niseme kidogo tu. 2020 Hijja ilikuwa ya waliomo ndani ya Saudia peke yao, kama watu 1,000 hivi. 2021 vile vile wa ndani, 60,000. 2022 wakafungua milioni moja na wa nje wakaingia, sisi hapa furaha, mzee wetu kashauza ng'ombe. Sharti, chini ya miaka 65. Mzee ana 67. Aliweka pesa tangu 2018, akasubiri miaka miwili ya kufungwa, mlango ukafunguliwa ukamkuta umri umeshampita kwa miaka 2. Hakusema kitu, kaenda kuswali. Mie ndo niliyelia.

Aliambiwa na watu "Hijja imefunguliwa". Neno lile la "isipokuwa" alilosema ndugu hapo juu hakuna aliyemsomea.

Mzee_wa_Bao

Mie nilikuwa na 66 mwaka ule. Nimeisoma hii nimekaa kimya dakika nzima. Alikwenda baadaye?

MsafiriWaMtende

Alikwenda 2023 walipoondoa sharti la umri, alhamdulillah.

KijanaWete

Asalaam alaykum wakubwa zangu. Mie niko Wete, nimesoma uzi wote huku umeme unakatika. Nnakwenda Kampala kusoma, inshaallah Alkhamis ya wiki ijayo, ndege kutoka Unguja napita Nairobi. Saa hizi si hakuna maradhi, hivi kuna cha kutizama kweli au niende zangu tu? Viza si tatizo sisi Afrika Mashariki.

KauntaNambaTisa

Waalaykumu salaam mdogo wangu. Uganda wanataka kadi ya homa ya manjano, ile ya njano ya kimataifa, kwa anaeingia kuanzia mwaka mmoja kwenda juu. Korona iwepo isiwepo. Unayo? Kama huna nenda kesho usingoje, kwa sababu kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na weye ukihesabu mpaka Alkhamis ya wiki ijayo siku 10 hazifiki, itabidi usogeze safari. Kama unayo ya zamani usiogope, tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata kama imeandikwa mwisho miaka 10.

Na usiseme hakuna maradhi. Uganda walikuwa na Ebola Septemba 2022 mpaka Januari 2023, ikarudi Januari 2025, mara hii Kampala kwenyewe, ikatangazwa imeisha Aprili. Mwezi huo huo wa Januari 2025 sisi tulikuwa na Marburg, maradhi jamaa na Ebola, huko Biharamulo, Kagera. Rwanda ilipokuwa na Marburg 2024, Marekani wakasema aliyekuwa Rwanda ndani ya siku 21 ashukie viwanja vitatu tu, vya Chicago, New York na Washington, akapimwe hapo. Hawakuuliza mtu wa wapi, waliuliza ulikuwa wapi. Kwa hiyo hata tiketi yako isibadilike, tizama tena Jumatano usiku.

MchumaKarafuu

Kijana na Nairobi unakaa saa ngapi? Unabaki ndani ya uwanja au unatoka? Ukitoka unahesabiwa umeingia Kenya, fomu yao ni nyengine. Na mzigo, tiketi moja au mbili tafauti? Ikiwa mbili mzigo unautoa mwenyewe na kuuingiza upya, hapo umeshaingia nchi ya watu hata kama hukutaka.

KijanaWete

Tiketi moja ami, nakaa saa 4, sitoki. Kadi ninayo, nlichanjwa 2019 nlipokwenda na skuli mashindano. Ngoja niitafute.

DukaDarajani

Sie tunasubiri hapa, usilale 😂

Na ami MchumaKarafuu hujatwambia, mama mdogo ulimuona?

MchumaKarafuu

Nlimuona. Zile siku 15 hazikuwa 15, Aprili tarehe 8 wakafunga kabisa wakabakisha raia na wakaazi tu, ikaja mpaka tarehe 1 Septemba ndo orodha ya nchi ikafutwa, uwe umechanja. Nimechanja, nimekwenda Oktoba, anatembea na mkongojo. Karafuu zangu bado alikuwa nazo kwenye chupa. Vileja vile watoto wa mtaani walivimaliza Jumamosi ile ile, nimeshuka tu garini na bati, wakadhani nimerudi safari.

KijanaWete

Wakubwa nimeipata, ilikuwa kwenye mkoba wa mama wa vyeti vya kuzaliwa. Tarehe sawa, muhuri upo. Ila jina. Paspoti yangu Mohammed, kadi wameandika Moh'd. Kesho gari ya asubuhi nateremka Chake.